TAARIFA YA TAWI: TAREHE 5 FEBRUARI HAINUNULIWI KWA PILAU

Ndugu wanachama wa mashina yote, wazee wetu, akina mama wa UWT, vijana wa UVCCM na ndugu wa Jumuiya ya Wazazi,

*Kidumu Chama Cha Mapinduzi!*

Ujumbe huu ni mrefu. Tunaomba usomwe wote kabla ya kujibiwa, na atakayeusambaza ausambaze mzima. Wiki iliyopita mistari miwili ilikatwa kutoka kwenye muhtasari wa kikao chetu ikazungushwa mpaka matawi ya jirani, na sasa tunaulizwa huko na huko kama ni kweli tawi letu limegomea sherehe za Chama. Hatujagomea sherehe. Tumekataa kitu kimoja tu, na leo tunasema ni kitu gani.

Ijumaa ya tarehe 5 Februari 2027 Chama kinatimiza miaka 50. Kuna mwanachama mwenzetu, mwenye kadi hai na ada iliyolipwa, ambaye kwenye kundi letu wengi mnamwita Mdau. Jina lake hatutaliandika hapa, kwa sababu ugomvi wetu si na mtu. Mdau amejitolea kugharamia sherehe yote: ng'ombe, magunia ya mchele, maturubai, viti, spika, fulana 200 na kanga za akina mama. Ni ukarimu mkubwa, tumeushukuru kwa barua. Lakini ukarimu huo ulikuja na mkia. Aliomba, kwa mdomo na si kwa maandishi, kwamba sherehe ikiisha Kamati ikae imkabidhi eneo la mbele la ofisi ya tawi, lile linalotazama barabara ya lami, ajenge fremu za maduka na azimiliki miaka 15 kwa kodi ambayo hata chumba kimoja cha uani hukipati. Na kila mtu hapa anajua kwamba uchaguzi wa ndani ya Chama uko mlangoni na kwamba Mdau ni mtia nia.

Kamati ya Siasa ya Tawi ilikaa ikapiga kura: watano walikataa, wawili walikubali. Hao wawili wana haki yao na hatuwanunii.

Tangu siku hiyo simu zetu hazipumziki. Tumeitwa wapinzani waliojificha kwenye shati la kijani. Tumeitwa wachawi wa sherehe. Ndugu mmoja alituma ujumbe wa sauti wa dakika sita akituita masikini jeuri. La umasikini tunakubali, halina ubishi. Lakini katika zile dakika sita alisema jambo moja ambalo hatuwezi kuliacha lipite. Alisema: "Tarehe tano ni birthday ya Chama, na birthday ni kula na kunywa, mambo ya Azimio yalishakufa."

Hapo ndipo tunapobishana. Tarehe 5 Februari haina mwaka mmoja. Ina mitatu, na mwaka wa katikati ndio ambao hatupendi kuutaja.

*1957.* Tarehe 5 Februari mwaka huo, Unguja, African Association na Shirazi Association ziliungana, ikazaliwa Afro-Shirazi Union ambayo baadaye ikaitwa Afro-Shirazi Party. Mzee Abeid Amani Karume akawa Rais wake. Msidhani ilikuwa ndoa ya mapenzi. Jumuiya hizo mbili zilitazamana kwa wasiwasi miaka mingi, upande mmoja ukiwaona wenzao ni wageni waliotoka bara, upande wa pili ukiwaona wenzao wanajisikia. Na hata baada ya kuungana si wote waliokaa: wengi wa Pemba walibaki na shaka, na mwaka 1959 baadhi ya viongozi walitoka wakaunda ZPPP. Tunayasema haya kwa sababu kuna vijana wanaofundishwa kwamba wazee wetu walikuwa malaika wasiogombana. Waligombana sana. Lakini Julai 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, Mzee Karume, baharia wa zamani mwenye shule kidogo, alisimama Ng'ambo akapambana na Sheikh Ali Muhsin Barwani wa Hizbu, msomi wa Makerere. Akamshinda. Hizbu haikuambulia kiti hata kimoja. Ng'ambo wakati huo ndiko walikolala wachukuzi wa bandarini, mafundi na watumishi wa majumba ya Mji Mkongwe. Kama uchaguzi ule ungekuwa wa kupima nani ana sufuria kubwa zaidi, Karume asingefika popote.

*1967.* Hapa tutakaa kidogo.

Ndugu mmoja mwalimu mstaafu ametusahihisha, na tunamshukuru: Azimio la Arusha halikupitishwa tarehe 5. Lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mjini Arusha tarehe 29 Januari, na likatangazwa kwa wananchi Dar es Salaam Jumapili ya tarehe 5 Februari. Sawa kabisa. Mtoto huzaliwa siku moja na kupewa jina siku nyingine, na siku ya jina ndiyo watu wanayoalikwa.

Kilichofuata mnakijua, angalau nusu yake. Jumatatu, tarehe 6, Serikali ikatangaza kuzichukua benki za biashara, na Benki ya Taifa ya Biashara ikazaliwa. Hii NMB ambako wazee wetu wanapanga foleni ya pensheni ilikatwa kutoka ndani ya benki hiyo mwaka 1997. Yakafuata makampuni makubwa ya biashara za nje, viwanda vya kusaga unga, bima. Watu wakatembea kwa miguu kuunga mkono. Kijana Seti Benjamin alifia njiani katika matembezi hayo. Mwalimu mwenyewe, Oktoba mwaka huohuo, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza.

Nusu hiyo, ya benki na viwanda, ndiyo tunayoisimulia kila mwaka kwenye maadhimisho. Kuisimulia ni rahisi, haimgusi mtu aliyekaa meza kuu. Nusu ya pili ndiyo yenye miiba. Azimio lina sehemu tano, na ya mwisho iliweka masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa Serikali awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na wazee wale hawakuwa wajinga: walijua mtu ataandika nyumba kwa jina la mkewe, kwa hiyo wakaandika kwamba kiongozi ni yeye pamoja na mke wake, au yeye pamoja na mume wake.

Someni tena hapo kwenye mke na mume. Miaka 60 iliyopita, kabla ya simu za mkononi na kabla ya kampuni za kusajili kwa jina la shemeji, kuna watu walikaa Arusha wakaliona shimo hilo wakalifukia.

Masharti haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga kulazimishwa kwenda JKT na kukatwa sehemu ya mishahara yao ya baadaye. Mwalimu aliwarudisha makwao. Lakini palepale alipunguza mshahara wake na wa mawaziri wake kwa asilimia 20, kwa sababu vijana wale, pamoja na jeuri yao, walikuwa wamemwonyesha kidole mahali penye kidonda. Miezi mitatu baadaye ndipo kikao cha Arusha kikakaa.

Na yaliwauma watu wa kweli. Bibi Titi Mohamed, ambaye bila yeye TANU isingewapata akina mama wa Dar es Salaam, alikuwa na nyumba za kupangisha. Aliliona sharti hilo halimtendei haki, akalipinga, na mwaka 1967 akajiuzulu nafasi yake ya uongozi. Tunaweza kukubaliana naye au tusikubaliane. Kuna wazee katika tawi hili wanaosema mpaka leo kwamba alionewa, maana nyumba hizo ndizo zilikuwa jasho lake na hakuwa na mshahara wa waziri wa kumlinda uzeeni. Lakini angalieni alivyofanya: sharti lilipomshinda, alisema wazi na akaachia kiti. Hakubaki na kiti huku nyumba zikibadilishwa majina usiku.

Sehemu ya nne ya Azimio ndiyo iliyotufanya tuandike haya yote. Inahusu uanachama. TANU ilijikosoa yenyewe hapo, ikasema kwamba imekuwa ikijali mno wingi wa wanachama kuliko imani yao, na kwamba mtu asiyekubali imani na madhumuni ya chama asipewe kadi. Chama kilichokuwa kinatawala peke yake, chenye nchi nzima mkononi, kiliandika hivyo kuhusu nafsi yake. Leo tawi linapimwa kwa kadi ngapi limeuza mwezi huu. Tumekuwa na wanachama wapya wengi tangu habari za fulana zianze kusikika. Karibuni sana. Tutawauliza swali moja tu siku ya mkutano, na si gumu.

*1977.* TANU ilikuwa ya Bara, ASP ilikuwa ya Visiwani. Ile 5 Februari ya kwanza ilikuwa ya Visiwani, ya pili ilikuwa ya Bara. Mwalimu alipopendekeza mwaka 1975 kwamba vyama hivyo viungane, wanachama waliulizwa kupitia matawi yao. Ndiyo, matawi. Si kila jambo lilishuka kutoka juu. Tume ya Watu 20, kumi kutoka kila upande, ikaandaa katiba. Mkutano Mkuu wa pamoja ulikaa Dar es Salaam tarehe 21 Januari 1977 ukaamua vyama vyote viwili vivunjwe na kipya kizaliwe tarehe 5 Februari. Tarehe haikuchaguliwa kwa kuokota. Ilikuwa siku ya ASP kutimiza miaka 20 na ya kutangazwa Azimio kutimiza miaka 10. CCM ikazaliwa Zanzibar, Uwanja wa Amaan, Mwalimu akiwa Mwenyekiti, Mzee Aboud Jumbe Makamu wake, Ndugu Pius Msekwa mtendaji mkuu wa kwanza. Siku hizohizo mpaka wetu na Kenya ulikuwa ndiyo kwanza umefungwa, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likiwa limekufa na Jumuiya yenyewe iko mahututi. Haikuwa wiki ya raha. Wazee hawakungoja raha.

Kwa hiyo waliochagua tarehe hii waliifunga kwa makusudi kwenye Azimio. Anayesema tarehe tano ni siku ya kuzaliwa Chama tu, anamsifu mtoto na kumkana baba yake.

Sasa tuje kwenye hoja ambayo ina uzito, maana si zote zilizosemwa kwenye kundi ni za kipuuzi. Mmoja wa wale wajumbe wawili alisema: Azimio lilifutwa Zanzibar, Februari 1991. Halmashauri Kuu ya Taifa ilikaa kule ikaruhusu mwanachama na kiongozi kuwa na hisa, kupokea mishahara zaidi ya mmoja, kupangisha nyumba. Kwa hiyo Mdau hajavunja kitu, na sisi tunamhukumu kwa sheria iliyokufa.

Ni kweli yale masharti yalilegezwa. Hatuna haja ya kulificha. Na tutakwenda mbele zaidi: yapo ya kipindi kile ambayo hakuna mwenye akili anayeyataka tena. Wazee waliopanga foleni ya sukari na sabuni miaka ya themanini wapo kwenye kundi hili. Wapo waliokula unga wa njano. Wapo waliohamishwa vijijini kwa nguvu miaka ya sabini, wakaacha mikorosho yao ikiliwa na nyani, na hawajasahau. Duka la ushirika lilipokuwa halina kitu, mwenye duka alikuwa na kila kitu chini ya kaunta, na mara nyingi aliyegawa alikuwa kiongozi. Azimio halikuzuia hilo. Anayetaka kutuambia hayo hahitaji kupaza sauti, tuliyaishi.

Lakini hebu tuangalie 1991 ilifuta nini. Ilifuta katazo la kumiliki. Haikuandika popote kwamba mali ya tawi ni halali kugawiwa mtia nia kwa malipo ya ng'ombe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano mpaka leo inaitaja nchi hii kuwa ya kidemokrasia na ya kijamaa, na ibara yake ya 9 bado inazungumzia Ujamaa na Kujitegemea. Katiba ya Chama chetu nayo bado inataja ujenzi wa ujamaa na kujitegemea. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake, tena pamoja na ya mwenzi wake na ya watoto wake wadogo. Hebu angalieni: mke na mume wamerudi tena! Shimo ni lilelile. Kwa hiyo hata waliolegeza masharti hawakuthubutu kulifuta swali. Walibadilisha jibu. Swali la kwamba wewe unayetuongoza unakula wapi liko palepale.

Mimi ninayeandika kwa niaba ya Kamati nina vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yangu. Mwenyekiti wetu ana bodaboda mbili anazokodisha. Mjumbe mmoja ana mgahawa. Kwa masharti ya 1967 karibu sote tungefukuzwa, na bora tuseme wenyewe kabla hamjasema ninyi. Hatudai Mdau auze maduka yake. Mtu akifanya kazi akajenga, ni halali yake. Tunadai mambo madogo mno ukilinganisha na yale ya Arusha: kwamba anayetaka kupangisha mali ya tawi aombe kwa barua, bei itangazwe ubaoni, waombaji wengine waruhusiwe, na kwamba mtu asiwe mpangaji wetu na mgombea wetu kwa wakati mmoja. Ikiwa hata hayo ni upinzani, basi neno upinzani limekuwa rahisi sana.

Sasa kuhusu eneo lenyewe. Vijana wengi hawajui lilipatikana vipi. Mwaka uliofuata kuzaliwa kwa Chama, wanachama wa tawi hili walichanga na kununua mabati ya kwanza. Kuta walijenga wenyewe, kila Jumamosi. Mama mmoja wa shina la tatu, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alibeba mawe ya msingi akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye anayetuma ujumbe kwenye kundi akituita masikini jeuri. Hatusemi kwa kumsuta. Tunasema ili ajue kwamba jiwe la kona ya kulia, karibu na mwembe, ni la mama yake.

Pale mbele pana akina mama lishe wanne na kijiwe cha bodaboda. Hawalipi kodi, ni kweli, na hilo ni kosa letu la miaka mingi, Kamati ilikuwa inaogopa kupoteza kura zao. Tutalirekebisha. Lakini katika maelezo ya Mdau hakuna mstari mmoja unaosema watu hao waende wapi. Tulipomuuliza alijibu kwamba maendeleo yana gharama zake. Azimio lilionya, katika maneno yake kuhusu fedha na kuhusu mji na shamba, kwamba unyonyaji unaweza kufanywa na sisi wenyewe juu ya wenzetu na si lazima uje na meli. Mkopo unajenga mjini na mkulima ndiye anayelipa kwa pamba yake. Hapa kwetu hakuna pamba. Kuna masufuria manne ya maharage na watoto wanaosomeshwa na maharage hayo.

Halafu lile la fedha. Tumeambiwa tawi ni masikini, paa linavuja, bila Mdau hatuwezi kitu. Paa linavuja kweli, kwenye kona ya kabati la nyaraka. Fundi amelitazama, anasema ni mabati sita na misumari, na kazi ni ya nusu siku. Tulifanya hesabu kwenye kikao: kila mwanachama akilipa ada yake anayodaiwa, mabati sita yanapatikana na chenji inabaki. *Tawi letu halina njaa ya wafadhili, lina njaa ya ada.* Kundi lina watu wengi wanaoandika "Kidumu" kila asubuhi na picha ya maua. Waliolipa ada mwaka jana hawafiki nusu yao. Azimio lilisema kutegemea fedha kama silaha ya maendeleo ni kuchagua silaha ambayo hatuna. Likataja vitu vinne vya kutegemea: watu, ardhi, siasa safi, uongozi bora. Watu tunao. Ardhi tunayo, hiyohiyo ya mbele ya ofisi. Viwili vilivyobaki ndivyo tunavyogombania kwenye kundi hili usiku kucha.

Kwa hiyo, maamuzi ya Kamati ya Siasa kwa ajili ya miaka 50 ni haya, na yatapelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Tawi kuthibitishwa au kukataliwa, maana nyinyi ndio wenye tawi.

Sherehe ipo. Itakuwa Ijumaa tarehe 5 Februari, kuanzia saa 9 alasiri ili waliokwenda swala ya Ijumaa wapate nafasi ya kula nyumbani na kupumzika. Mahali ni chini ya mwembe wa ofisi. Hakuna maturubai, hakuna viti vya kukodi, kila mtu aje na kigoda au mkeka wake. Chai na mihogo vitapikwa na mashina, kila shina lilete sukari kilo moja na mihogo. Atakayependa kuleta kuku alete kuku, ila asilete barua pamoja na kuku.

Azimio la Arusha litasomwa lote kwa sauti, sehemu zote tano. Vijana watatu na wazee wawili watapokezana. Watu wanaogopa kwamba ni refu, lakini mmesikiliza hotuba ndefu kuliko hiyo zikiwa hazina kitu ndani. Baada ya kusomwa, kila mwenye kusema atasema, hata anayeliona Azimio lilikuwa kosa. Yeye ndiye tutakayempa nafasi ya kwanza.

Kisha wajumbe saba wa Kamati, mmoja mmoja, watasimama na kusema wanamiliki nini ndani ya mipaka ya tawi hili na wana mikataba gani na Chama, na Serikali ya Mtaa au na mtia nia yeyote. Pamoja na wake zao na waume zao. Hakuna sheria inayotulazimisha. Wajumbe wanne wamekubali kwa maandishi, wa tano anasubiri mumewe arudi safari waongee. Wawili wamesema watafikiri. Tunawapa muda.

Mdau amealikwa kwa barua rasmi, na atakaa nasi mkekani. Akitaka kupangisha eneo aje na ombi lake la maandishi, litasomwa mbele ya wote na akina mama lishe wakiwepo. Akiwa na jibu zuri kuhusu wapi watu wale waende, tutalisikia. Inawezekana akatushawishi, si mtu mbaya.

Fulana: wanaotaka za miaka 50 wanunue wenyewe kwa bei ya duka. Waliokwisha kupokea za Mdau nyumbani kwao usiku wa Jumanne, tunawajua, tena tunawaelewa. Vaeni tu. Ila kifuani mwa fulana hizo pana jembe na nyundo, na mgongoni pana picha ya mtu. Katika miaka 50 hiyo tumezoea kugeuza mgongo mbele.

Ada zitapokelewa siku hiyohiyo na Katibu wa Tawi, kwa stakabadhi. Atakayelipa kwa simu atume kwenye namba ya tawi iliyobandikwa mlangoni na si kwa namba ya mtu binafsi, hata awe nani. Mabati sita yataezekwa Jumamosi tarehe 6 asubuhi. Ngazi tunayo, nyundo tunazo mbili. Tunahitaji vijana watano wasioogopa kupanda.

Swali kwa wanachama wapya tuliloahidi hapo juu ni hili: katika zile 5 Februari tatu, ni ipi iliyokufanya uchukue kadi?

*Kidumu Chama Cha Mapinduzi!*

Imetolewa na Katibu wa Siasa na Uenezi wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Siasa. Majibu na matusi yote yatumwe kwenye kundi la tawi, msimsumbue Mwenyekiti, yuko kwenye msiba wa shemeji yake mpaka Alhamisi.